Turubai la lori: kumpata fundi na kuchagua kitambaa ukiwa Dodoma

Mtu anayehitaji turubai la lori huanza kwa kuuliza bei ya kitambaa kwa mita. Swali hilo lina nafasi yake, ila likitangulia linampoteza. Turubai haliharibikii katikati. Linaachia kwenye mshono, linachanika kwenye jicho la kamba, yaani tundu lenye ringi ambamo kamba hupita, linatoboka kwenye kona ya bodi na kwenye mkunjo unaorudiwa kila siku mahali palepale. Sehemu hizo zote ziko mikononi mwa fundi. Kitambaa kizito kilichoshonwa kwa uzi wa pamba kitakuangusha mapema kuliko kitambaa cha wastani kilichopindwa na kuimarishwa na mtu anayeijua kazi. Ushauri wangu mkubwa ni huu: tafuta fundi kwanza, kisha mkachague kitambaa pamoja.

Ninawafikiria zaidi wenye Fuso na Canter wanaobeba mahindi, alizeti, karanga, mtama na vitunguu kutoka Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, Manyoni na Singida. Wenye semi wanaweza kufuata hatua hizihizi kwa vipimo vikubwa zaidi.

Kwa nini usilichukulie poa

Dodoma mvua ni chache, kiasi cha milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu zote zinanyesha kati ya Desemba na Aprili. Wengi hapa hulihesabu turubai kuwa kitu cha miezi hiyo tu. Lakini mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa miezi mingi hakuna wingu la kulikinga turubai na jua. Jua ndilo linalokula uzi na kukausha plastiki, mvua huja baadaye kuonyesha palipokwisha kuliwa. Ongeza upepo wa kiangazi na vumbi linaloingia kwenye mikunjo na kusaga kama msasa.

Halafu kuna safari yenyewe. Lori linapakia Kibaigwa mwezi Mei, ardhi imekauka na anga ni nyeupe. Likishuka kuelekea Morogoro, Pwani na Dar es Salaam linaweza kukutana na masika ambayo huko bado hayajaisha. Gunia lililolowa halionyeshi shida siku hiyo. Mahindi yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5 kwa kiwango cha Afrika Mashariki, na maji yakiingia katikati ya shehena, ukungu unaanza kufanya kazi gizani, na baadhi ya ukungu huo hutoa sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na sumu ile ilitoka kwenye chakula cha kawaida kabisa cha nyumbani. Sumukuvu ina vyanzo vingi, shambani na ghalani, lakini msafirishaji hana sababu ya kuongeza chanzo kingine barabarani. Mzigo ulio nyuma ya lori ni ugali wa watu.

Hatua ya kwanza: eleza kazi ya turubai

Kabla hujaenda kwa fundi yeyote, andika mambo machache kwenye karatasi. Utabeba nini hasa? Barabara gani, na miezi gani? Turubai litakaa juu ya lori muda wote au litatumika pia kuanikia na kufunikia mzigo chini? Nani atalifunga na kulifungua, na wako wangapi?

Swali la mwisho watu hulipuuza. Turubai la kilo 45 ni kazi ya watu wawili wenye nguvu, na utingo aliye peke yake ataliburuta. Turubai linaloburutwa kwenye changarawe na miiba ya migunga halimalizi umri wake hata likiwa la kitambaa bora kuliko vyote.

Aina ya mzigo nayo inaamua mengi. Mahindi makavu na alizeti kwenye magunia yanahitaji kifuniko kisichopitisha maji hata tone. Vitunguu vinahitaji hewa. Ukivifunga ndani ya plastiki nzito kutoka Singida hadi Dar, vitatoka jasho na kuanza kuoza kabla hujafika sokoni. Kwa mwenye kubeba vyote viwili, bora turubai lisilopitisha maji ambalo ncha zake za mbele na nyuma zinaweza kukunjwa juu na kufungwa zikiwa wazi.

Hatua ya pili: mtafute fundi kwa kuangalia kazi zake za zamani

Kazi mpya ya fundi yeyote inapendeza. Turubai lililotoka kwenye cherehani jana lina rangi, mistari imenyooka, na macho ya kamba yanang'aa. Halikuambii chochote. Unachotaka kuona ni turubai alilolishona yeye na ambalo limekaa juani misimu miwili au mitatu.

Nenda pale malori yanapopaki. Soko la nafaka la Kibaigwa ni mahali pazuri mno kwa hili kwa sababu malori ni mengi, yamesimama, na madereva wana muda wa kuzungumza wakisubiri kupakia. Tembea ukiangalia maturubai. Ukiona lililozeeka vizuri, yaani rangi imefifia lakini kingo zimenyooka, omba ruhusa usogee. Shika upindo wa pembeni kwa vidole viwili: ndani yake utahisi kamba au mkanda. Angalia jicho la kamba kwa karibu. Kwenye kazi nzuri kitambaa kinachozunguka jicho kiko bapa, kimebanwa pande zote. Kwenye kazi mbaya utaona tundu limevutika na kuwa refu kuelekea upande wa kamba, na nyuzi zimeanza kuchomoza upande mmoja wa ringi. Ukiona hivyo kwenye jicho moja tu, huenda dereva alivuta kupita kiasi. Ukiona kwenye macho yote ya upande mmoja, lawama ni ya aliyelishona. Kisha mwulize dereva, "Hili alikushonea nani, kaka?" Baada ya kuuliza madereva kadhaa utasikia majina mawili matatu yanajirudia. Hao ndio wa kwenda kuwaona.

Ukifika kwa fundi, usianze na bei. Angalia sakafu. Turubai la Fuso linahitaji nafasi ya kulitandaza lote ili kulipima na kulikata. Fundi anayekunja na kukata vipande vipande kwenye kibaraza chembamba atakupa turubai lenye upande mmoja mrefu kuliko mwingine, na turubai lililopinda halivutiki sawasawa. Likiwa halivutiki linapigwapigwa na upepo. Angalia cherehani: ya kawaida ya nguo inaweza kupita kwenye tabaka mbili za kanvasi nyepesi, lakini kwenye upindo wa tabaka nne za kitambaa kizito itaruka mishono. Omba kipande chakavu, akunje mara nne, ashone mbele yako. Fundi wa kweli hakasiriki kwa ombi hilo. Wengi hufurahi, maana wateja wachache huuliza.

Mwulize pia kuhusu ukarabati. Fundi anayepokea maturubai mabovu anajua yanavyokufa, na maarifa hayo huyarudisha kwenye maturubai mapya. Mimi ningempendelea fundi ambaye nusu ya kazi zake ni viraka kuliko yule anayejisifu kuwa anashona mapya tu.

Hatua ya tatu: pima wewe, kisha apime yeye

Chukua Fuso yenye bodi ya urefu wa mita 6.2 na upana wa mita 2.3. Mzigo unapanda sentimita 60 juu ya kingo za bodi, na unataka turubai lishuke sentimita 40 chini ya kingo hizo ili maji yamwagikie nje. Kila upande basi unahitaji mita 1 ya ziada. Upana unakuwa 2.3 na 1 na 1, jumla mita 4.3. Urefu unakuwa mita 8.2. Hilo ni turubai la mita za mraba 35 na kidogo likiwa limekamilika. Fundi ataongeza sentimita 10 kila ukingo kwa ajili ya upindo kabla ya kukata.

Hesabu hiyo ni ya mzigo wenye umbo la sanduku. Kama unapakia kwa mgongo, katikati juu na pembeni chini, hesabu ya karatasi itakudanganya. Pakia lori kama unavyopakia siku zote, rusha kamba juu ya mzigo kutoka upande mmoja hadi mwingine, weka alama unapotaka turubai liishie, kisha upime kamba ile. Fanya hivyo mbele, katikati na nyuma, uchukue kipimo kikubwa. Kwa kanvasi ya pamba ongeza tena kidogo, kwa sababu inanywea ikilowa mara za kwanza. Mwulize fundi kitambaa alichonacho kinanywea kiasi gani, au loweka kipande cha mita moja, ukaushe na upime upya.

Hatua ya nne: kitambaa

Kuna familia tatu utakazokutana nazo, na kila moja ina mahali pake.

Ya kwanza ni turubai la plastiki iliyofumwa, mara nyingi la bluu, jepesi, la bei nafuu. Ni nyuzi bapa za plastiki zilizofumwa na kupakwa plastiki juu na chini. Kwa kuanikia karanga au kufunika rundo la mahindi shambani kwa wiki chache halina mpinzani. Kwa lori linalokimbia barabara kuu halifai. Upepo unalipiga, nyuzi zinaachana kwenye macho ya kamba, na jua linaligeuza kuwa vipande vinavyopukutika mkononi.

Ya pili ni kanvasi, ya pamba tupu au pamba iliyochanganywa na poliesta, iliyotiwa nta au dawa ya kuzuia maji. Inapumua, na hiyo ni heshima yake kubwa: joto na unyevu wa mzigo vinapata pa kutokea. Nyuzi za pamba huvimba zikilowa na kuziba matundu madogo ya kitambaa na ya sindano. Kwa vitunguu na viazi ninaipenda kuliko kingine chochote. Udhaifu wake ni kwamba ikikunjwa mbichi inaota ukungu na kuoza, na ikilowa inakuwa nzito sana. Gunia likiigusa kwa ndani wakati wa mvua ndefu, maji yanaweza kupenya pale palipoguswa.

Ya tatu ndiyo inayofaa wengi wetu: kitambaa cha poliesta kilichopakwa PVC, aina ya plastiki laini, pande zote mbili. Nguvu yake inatoka kwenye nyuzi za ndani, na PVC inazuia maji na kuzikinga nyuzi hizo na jua. Poliesta ndiyo ileile ambayo tangu miaka ya 1950, kwa jina la Dacron, ilichukua nafasi ya pamba kwenye matanga ya boti za kisasa, kwa sababu haivutiki ovyo na inastahimili jua kuliko nailoni. Kwa turubai la lori tafuta uzito wa gramu 600 hadi 700 kwa mita ya mraba kama unalifunga na kulifungua mara kwa mara, na gramu 900 kama lori ni kubwa, njia ni ndefu na watu wa kulibeba wapo. Kwa mfano wetu wa mita za mraba 35, gramu 650 ni kama kilo 23 na gramu 900 ni kama kilo 32, kabla ya kuhesabu pindo, viraka na kamba. Kwa Fuso ya kawaida mimi ningechagua la gramu 650 na kuweka tofauti ya fedha kwenye kona, kingo na macho.

Usiamini namba iliyoandikwa kwenye roli la kitambaa kabla hujaipima. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10, ukiweke kwenye mizani ya sonara, kisha zidisha gramu kwa 100. Kikisoma 6.5, kitambaa ni cha gramu 650. Kama una mizani ya jikoni tu, kata sentimita 20 kwa 20 na uzidishe kwa 25. Muuzaji anayekataa kukupa kipande cha kupima amekwisha kukujibu.

Uzito peke yake hautoshi, maana mtengenezaji anaweza kuweka PVC nyingi juu ya nyuzi chache. Kata mdomo mdogo kwa mkasi kwenye ukingo wa kipande, shika pande mbili na ujaribu kuendeleza mpasuko kwa mikono. Kitambaa chenye nyuzi za kutosha kinakushinda, au kinajikusanya na kukwama. Kikichanika kama karatasi, kiache. Kunja kipande kingine, kibane kwa kucha kwenye mkunjo, ukunjue: mstari mweupe unaobaki, au ngozi ya PVC inayobanduka, ni ishara mbaya. Kiinue kuelekea jua utafute vitundu vya mwanga. Mwisho, fanya kimfuko, mimina kikombe cha maji, kiache kinaning'inia usiku kucha. Asubuhi upande wa chini uwe mkavu kabisa.

Kuna mtihani wa moto pia, ufanye nje na usivute moshi wake. Pamba inaungua na kuacha majivu laini, inanuka karatasi iliyoungua. Plastiki ya bluu inayeyuka na kudondoka ikinuka mshumaa. Kitambaa cha PVC kinaungua kwa harufu kali, na ukiondoa moto kwa kawaida kinazimika chenyewe. Ukiuziwa poliesta na ikakupa majivu, umejua.

Mabango ya matangazo yaliyokwisha kutumika ni jambo jingine. Yanauzwa kwa bei nafuu, yana PVC, na kwa mbali yanafanana na turubai. Nyuzi zake ni nyembamba kwa sababu yalitengenezwa kubeba picha ukutani. Yanafaa kufunika banda la kuku au kutandika chini ya gunia. Kwenye lori yanachanika kuanzia jicho la kwanza. Kwa turubai zito lililotumika kwenye lori jingine, shika mahali palipokuwa pakikunjwa. Likiwa bado laini na halina nyufa, linaweza kukatwa upya na kukuhudumia. Likiwa gumu kama ngozi kavu, kilainishi cha PVC kimekwisha toka, na hakirudi.

Hatua ya tano: mshono na uzi

Hapa ndipo fedha ndogo inapookoa fedha kubwa. Uzi uwe wa poliesta, mnene, uliotengenezwa kwa matumizi ya nje. Uzi wa pamba unaoza, na uzi wa nailoni jua linaumaliza haraka kuliko poliesta. Washa kiberiti kwenye ncha ya uzi: ukiacha majivu ni pamba, ukiyeyuka na kuacha kijidonge kigumu ni wa viwandani, nailoni au poliesta, na hapo itabidi uone lebo ya roli lake. Mafundi wa matanga wanajua kwamba kwenye tanga la poliesta mshono hufa kabla ya kitambaa, kwa sababu uzi umekaa juu, juani, unasuguliwa. Juani kwetu hali ni hiyohiyo.

Mshono wa kanvasi uwe wa kukunjana, kingo za vitambaa viwili zikiwa zimefungwa ndani ya kila kimoja, na mistari miwili ya cherehani. Urefu wa pigo moja la sindano uwe kama milimita 5. Mapigo yaliyobanana sana yanaonekana imara, kumbe yanatoboa mstari wa kuchania, hasa kwenye PVC.

Kwa PVC, kama fundi ana mashine ya hewa ya moto, kubandika kwa kuyeyusha ni bora kuliko kushona, maana hakuna matundu. Mpishano uwe sentimita 4 hadi 5. Omba sampuli iliyopoa na uivute kuibandua. Ikiachia kirahisi na kuacha nyuso mbili safi, joto halikutosha. Kibandiko kizuri kinakataa kuachia mpaka PVC yenyewe ing'oke na nyuzi zionekane.

Mpangilio wa vipande nao uamuliwe kabla ya mkasi. Kitambaa cha roli lenye upana wa mita 2.5 kinaweza kutoa turubai letu kwa vipande viwili virefu vyenye kiungo kimoja katikati ya mgongo, au vipande vinne vya kukatiza upana. Cha kwanza kina upotevu mdogo, na kama kiungo kimebandikwa kwa moto sina tatizo nacho. Kama kimeshonwa, sipendi mstari wa matundu ya sindano ukae juu kabisa ya mzigo, unaposuguliwa na magunia na kuchomwa na jua kutwa. Chagua vya kukatiza. Na vikiwa vya kukatiza, kipande cha mbele kikilalie cha nyuma yake, kama mabati ya paa yanavyolaliana, ili upepo wa mwendo usiingize maji kwenye kiungo. Fundi asiyejua upande upi wa turubai utaelekea mbele ya lori hawezi kulipanga, kwa hiyo mwambie, na aandike "MBELE" kwa rangi upande wa ndani.

Hatua ya sita: kingo, kona na macho

Ukingo wote upindwe mara mbili, na ndani ya upindo ipite kamba au mkanda wa poliesta. Bila hicho, mvuto wote wa kamba unakaa kwenye kitambaa kinachozunguka tundu. Macho yawe ya shaba kama unaweza kuyapata, hasa kwa lori linaloshuka Dar au Tanga ambako hewa ya chumvi inakula chuma. Ya chuma kilichopakwa rangi ya shaba yanatambulika kwa sumaku ndogo. Ya alumini nyepesi yanapinda. Nafasi kati ya jicho na jicho isizidi sentimita 50, na kona zikae mawili karibu karibu.

Kila kona iwekewe kiraka cha ziada cha tabaka mbili. Fanya vilevile pale kingo za bodi zinapogusa turubai: lipandishe kwenye lori, weka alama kwa chaki kila linaposuguana na chuma, kisha fundi aongeze viraka hapo. Ni kazi ya saa chache, na ni sehemu ya turubai ambayo sitakubali ipunguzwe ili bei ishuke.

Hatua ya saba: makubaliano na muda

Andikeni: urefu na upana likiwa limekamilika, gramu za kitambaa, aina ya uzi, mshono au moto, idadi na aina ya macho, viraka, tarehe ya kukabidhi, na nani anarekebisha mshono ukiachia ndani ya muda mtakaokubaliana. Nenda naye kununua kitambaa, au ununue mwenyewe baada ya kupima kipande; malipo ya awali yawe ya vifaa, na sehemu nzuri ya ufundi ibaki mpaka upokee. Fundi mwaminifu anaelewa, na karatasi inamlinda yeye pia.

Agiza Agosti au Septemba. Novemba mawingu yakianza kujikusanya kila mwenye lori anakumbuka turubai lake, mafundi wanazidiwa, na kazi ya kukimbizana inaonekana kwenye kona.

Hatua ya nane: kupokea

Litandazwe juani mahali safi. Pima pande zote nne, kisha pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari. Mishazari miwili ikitofautiana kwa zaidi ya sentimita chache, limekatwa kombo. Ingia chini yake, wenzako walinyanyue, utazame juu: kila tundu litaonekana kama nyota mchana. Zungushia chaki kila unaloliona. Lifunge kwenye lori lililopakiwa, mwagieni maji kwa mpira au ndoo kuanzia mbele, mkakague magunia ya juu. Kasoro zirekebishwe hapo kabla ya kulipa kilichobaki.

Kulitumia na kulitunza

Panga magunia ya juu ili katikati pawe juu kidogo kuliko pembeni. Maji yaliyotuama ni uzito, na uzito huo unavuta macho na mishono usiku kucha. Fungia kwa mipira ya tyubu kati ya jicho na ndoano ya bodi, ili lori likiruka kwenye tuta mpira uvutike badala ya kitambaa. Kamba zikatize juu ya turubai ili lisipepee. Kupepea kwa kasi ya barabara kuu kunavunja nyuzi kidogo kidogo na kukata mishono, na ukisikia mlio wa kupiga makofi nyuma ya kabini, simama ukaze.

Ukisimama mahali pakavu kwa saa kadhaa na mzigo ni wa nafaka, fungua ncha moja. Mchana joto linatoa unyevu kwenye magunia, usiku turubai linapoa, na maji yanajikusanya upande wa ndani na kudondoka. PVC nzuri kabisa haiwezi kuzuia mvua inayotoka chini yake.

Likunjwe likiwa kavu, na mistari ya kukunja ibadilishwe mara kwa mara. Kung'uta vumbi kwanza. Osha PVC kwa maji na sabuni ya kawaida. Petroli na dizeli zinaharibu ngozi yake. Liweke juu ya mbao, mbali na panya, kwa sababu turubai lililobeba karanga linanukia chakula.

Tundu dogo lizibwe siku hiyohiyo. Kata kiraka chenye kona za mviringo, kipite ukingo wa tundu kwa sentimita 5 kila upande, safisha na kukwaruza nyuso zote mbili, paka gundi ya PVC pande zote, subiri ianze kukauka, kisha kandamiza kutoka katikati kuelekea nje. Kona kali ndizo zinazoanza kunyanyuka. Kila mwisho wa kiangazi lirudishe kwa fundi yuleyule apitishe ukucha juu ya mishono yote: uzi unaokatika kwa ukucha ushonwe upya kabla ya Desemba, hata kama kwa macho bado unaonekana mzima.